Mlinzi wa Dunia Kutoka Mapera

Beata alizaliwa Jumatatu, na Jumatano viumbe wa angani wakatangaza kuichukua dunia. Mama yake, Tadea, alikuwa akikandwa maji ya moto na mama mkwe wake, Kunigunda, nyumbani kwao Mapera, kwa hiyo tangazo lilimkuta akipiga kelele kwa sababu zake mwenyewe. Lilitoka kwenye simu zote kwa pamoja, hata zilizokuwa hazina chaji, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mwalimu wa zamani: chombo chao kimesimama juu ya Ziwa Nyasa, wanadamu wanaombwa kwa heshima wahame sayari hii ndani ya siku arobaini, ahsanteni kwa ushirikiano.

"Tuhame wote?" aliuliza Kunigunda huku akikamua kitambaa. "Na kahawa nani ataichuma?"

Kila kijiji kilitakiwa kitoe mlinzi mmoja wa kuteremka Mbamba Bay, ufukweni mwa ziwa. Erasmo, mume wa Tadea, alikuwa mtu wa kukaa nyuma mikutanoni. Tangu apate akili hakuwahi kunyoosha mkono hata kuulizia mbolea. Siku hiyo aliunyoosha kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Watu walipiga makofi, na wengine walitokwa na machozi. Beata alikuwa amelia siku nne mfululizo, lakini hakuna aliyelihusisha hilo na ushujaa wa baba yake.

Tadea alimpenda mtu yule, tusimwonee. Alimpenda tangu msimu ule walipopangwa pamoja kwenye mashine ya kumenya kahawa, yeye akimimina, Erasmo akizungusha mkono wa mashine, na kila ndoo ikiisha anamwambia, "Leta nyingine, sijachoka." Mwanamume asiyechoka! Msichana gani wa Kimatengo angemwacha apite? Basi siku ya safari alimfungia kande, akambusu mbele ya mama mkwe, na kijiji kikalijadili busu hilo kuliko kilivyowajadili wavamizi.

Kisha akabaki na mtoto. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ila hawakusema ni mzazi yupi. Beata alilia akishiba, akalia akiwa na njaa, akalia akibebwa na akilazwa. Tadea alisahau uso wake ukoje. Siku moja alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kugundua. Na kila alipothubutu kuguna, Kunigunda alikuwa na jibu tayari.

"Mwenzako anakufa kwa ajili yetu, wewe unalilia usingizi?"

Kila baada ya siku mbili tatu ujumbe uliingia kwenye simu: "Bado tunapambana nao. Mniombee." Jumapili padri alimtaja Erasmo kwa jina, waumini wakapiga magoti, na Tadea naye akapiga magoti, titi moja likiwa mdomoni mwa mtoto. Aliomba kwa moyo wote. Aliona aibu kwa kila wazo baya alilokuwa amewaza juu ya mume wake, nayo yalikuwa mengi.

Siku ya thelathini na tisa ilipofika, aliamua. Kama dunia inaisha kesho, haitamkuta huku na mumewe kule.

"Kama ni kufa, tufe watatu," alimwambia mama mkwe, akamfunga mtoto mgongoni. Kunigunda alifungua mdomo kumkataza, kisha akamnyunyizia mjukuu maji ya baraka kichwani na kuwaacha waende.

Mbinga mjini alipata gari linaloshuka ziwani kufuata samaki. Dereva aliimba njia nzima, na Tadea akamwona mwendawazimu.

Mbamba Bay hapakuwa na vita. Anga ilikuwa tupu kabisa. Watoto waliogelea, nyavu zilikuwa zimeanikwa, na mwanamke mmoja mnene aliyejitambulisha kwa jina la Somoe alikuwa akikaanga vitu vyeusi vya duara kando ya njia.

"Shikamoo mama. Chombo kiko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Chombo kipi?" Somoe alimtazama, akaelewa. "Ahaa. Wewe ni wa milimani. Kaa chini kwanza."

Akamsimulia. Siku ya ishirini chombo kilifunguka, jeshi likatoka: askari mamilioni, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi, wakasimama juu ya maji kama nguzo ya moshi. Mpango wa kutisha, na pengine ungefaulu kwingine kokote. Lakini watu wa ufukwe ule wakiona moshi juu ya ziwa hawakimbii. Wanajua ni nkungu, vijidudu vya ziwani, na nkungu ni kitoweo. Wanawake wa Chiwanda, kijiji cha jirani, walitoka na nyungo na masufuria yaliyopakwa mafuta, wakazungusha hewani, wakafinyanga mikate, wakakaanga. Mtaalamu wa serikali alipofika na hadubini yake, alikuta watu wanalamba vidole. Masalia ya jeshi yalirudi chomboni, na chombo hakikuonekana tena. Wakubwa wakakataza habari hiyo, maana hakuna aliyejua namna ya kuandika kwamba ujumbe wa kwanza kutoka sayari nyingine umeliwa kwa ugali.

"Onja," alisema Somoe. "Wale wa angani wana uchungu kidogo kooni, lakini wanashibisha."

Tadea alikula. Anayenyonyesha hachagui.

"Na walinzi?"

"Waliapishwa wanyamaze, wakarudi makwao kesho yake. Wote, isipokuwa huyo wa Mapera." Somoe alionyesha kibanda cha makuti kwa mwiko. "Analala mno, masikini. Tunadhani anaumwa."

Erasmo alikuwa chali kwenye mkeka, mchana kweupe, akikoroma. Mashavu yalikuwa yamemjaa. Tadea akamsukuma kwa mguu.

"Mke wangu!" Aliruka, akaangalia angani kwa mazoea, akaona hakuna wa kumsaidia. Akaketi. "Nilitaka kurudi. Kila siku nilitaka."

"Ulizuiwa na nini?"

"Huku kunalalika, Tadea." Sauti yake ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililoumiza. "Wale wa angani walitwambia wanachotaka. Huyu analia tu, sijui anataka nini. Namwogopa."

"Na mimi ulidhani najua?"

Beata akaanza kulia. Tadea akamfungua na kumweka mikononi mwa baba yake. Erasmo alimshika vizuri, kichwa kikiwa kiganjani, akamtikisa taratibu, na mtoto akanyamaza, akamkodolea macho. Tadea alihisi moyo wake wote ukilainika. Angemsamehe palepale. Angesamehe hata zile sala.

Beata akakunja uso, akalia tena.

"Nadhani anakutaka wewe," alisema Erasmo, akamrudisha. "Tangulieni. Nitapanda kesho, Tadea, kweli tena. Ngoja nimalizie usingizi huu mmoja."

Tadea alirudi na gari lilelile, lililojaa samaki sasa. Kunigunda alikuwa amesimama njiani, rozari mkononi, macho mekundu. Alipomwona yuko peke yake na mtoto, alipepesuka.

"Wamemmaliza mwanangu?"

Tadea alimshika mkono asianguke.

"Hapana, mama. Ni mzima. Nimemwacha amelala."