Sikio la Kulia

Asubuhi aliyofariki Mama, Mjomba alikuwa ameshafika Mahakama Kuu na kumwekea nafasi. Nilimkuta kwenye benchi la mbele, kofia yake ameiweka upande wa kushoto ili mtu mwingine asikae. Siku hiyo kesi yao ilikuwa isikilizwe. Mama alikuwa mdai, yeye mdaiwa.

"Chiriku yuko wapi?" akaniuliza. Ndivyo alivyomwita dada yake tangu utotoni, kwa maneno yake mengi. "Au kajua leo nambwaga, kaingia mitini?"

Nilimshika bega. Akanitazama usoni, kisha akaichukua ile kofia, akaiweka mapajani na kuanza kuikunjakunja ukingo.

Walikuwa wakigombea nyumba aliyoacha Babu, hii ninayoishi. Mjomba alitaka iuzwe wagawane. Mama alisema hatoki, labda wambebe na kitanda chake. Wakashindwana nyumbani, wakashindwana mbele ya wazee wa ukoo, mpaka wakafika kwa jaji.

Lakini sikio la kushoto la Mama liliharibiwa na homa akiwa mdogo, na tangu hapo Mjomba alizoea kukaa kuliani kwake na kumrudia maneno ya watu. Mahakamani hakuacha. Jaji akisema jambo, mdaiwa aliinama akamnong'oneza mdai. Siku moja wakili wa Mjomba alimvuta pembeni.

"Mzee, yule ndiye unayeshindana naye!"

"Najua. Lakini hasikii."

Wala hakuwahi kupunguza neno. Wakili huyohuyo aliposimama na kusema kwamba mdai anaongozwa na tamaa, Mama akamgusa kaka yake kwa kiwiko.

"Kasemaje?"

"Kasema una tamaa."

"Nani kamtuma?"

Mjomba akajikuna shingo. "Mimi."

"Basi mwambie apaze sauti. Si unamlipa?"

Karani alijificha nyuma ya faili. Jaji alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Na siku jaji alipoamuru nyumba isiuzwe mpaka kesi iishe, Mjomba ndiye aliyemnong'oneza Mama, "Leo umenipata," kisha akamshika mkono wakashuka ngazi.

Baada ya mazishi, wakili wetu alinieleza kwamba asiposimama mtu mahali pa marehemu, kesi itaondolewa, na Mjomba ataweza kuuza. Nikataka kuiacha. Upande wa Mama nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja tu, naye ndiye wa kumshtaki.

Nilimfuata kwake nimwambie. Nilimkuta kwenye kizingiti akipiga viatu rangi.

"Ukiacha nitauza," akasema bila kuinua kichwa. "Nina shida zangu, mwanangu, sikufichi. Lakini mama yako hakunipa kitu kirahisi hata siku moja. Hata peremende tuligombana. Wewe uniachie nyumba nzima hivihivi?"

"Nitakukosa, Mjomba."

"Utanikosa vipi? Tutaonana mahakamani."

Tulicheka wote wawili. Akarudi kwenye kiatu ambacho tayari kiling'aa.

Nilipopata kibali cha kusimamia mirathi, nilikwenda. Jaji akauliza nani anasimama mahali pa marehemu. Nikasema ni mimi, akaandika jina langu. Nilipogeuka kutafuta pa kukaa, kofia ilikuwa kwenye benchi la mbele, upande wa kushoto wa Mjomba. Akaiondoa. Nikakaa.

Jaji akaendelea kusoma. Mjomba akainama taratibu.

"Anasema amepokea jina lako," akaninong'oneza kwenye sikio la kulia. "Anasema ushahidi umefungwa, imebaki hukumu."

Mimi nasikia vizuri kwa masikio yote mawili, naye anajua. Nikamsogezea kichwa.

"Kasemaje, Mjomba? Rudia."

Akarudia, neno kwa neno.

Hukumu itasomwa mwezi ujao. Nyumba bado tunaigombea.