Mchezo wa Maiti

"Wazime hiyo mashine, mdogo wangu keshaondoka—"

"Kaondoka kwenda wapi? Kaka, huyu anatuchezea!"

"—hata digrii aliiacha njiani, sembuse—"

"Usimseme, anasikia!"

Nilisikia, tena vizuri mno. Mpira kooni, mashine ikinipumulia, mwili mzima umegoma, masikio tu ndiyo yaliyobaki kazini. Bahati gani hiyo: kubakiziwa kiungo cha kumsikilizia kaka yangu.

Kaka ni mtu wa vikao. Hata pale, wodi ya mahututi, alikohoa kwanza ndipo akaanza: "Jamani, tuwe watu wazima." Daktari akaitikia "mmh," huku simu yake ikilia tiki tiki ya kuandika ujumbe. Kwake mimi nilikuwa "huyu wa dirishani". Waliendana kweli kweli. Mmoja alishanizika, mwingine alishapata kitanda cha mgonjwa anayefuata.

Aliyekataa ni mdogo wetu wa kike, na sababu yake ilikuwa ya kipuuzi. Utotoni tulikuwa na mchezo wa maiti, pale sebuleni: unalala chali, wenzako wanakutekenya nyayo, ukitikisika umeshindwa. Kaka alikuwa akishindwa kabla hajaguswa. Mimi sikushindwa hata mara moja. Siku moja nilikauka mpaka mama akaangua kilio.

"Wewe mtoto, hapa si sebuleni," kaka akafoka.

Shuka likafunuliwa, kucha zikaanza kutembea kwenye unyayo wangu, taratibu, kama panya anayechunguza jiko. Nikajiambia: shindwa, bwege wewe, leo tu. Nikasukuma. Ilikuwa kama kusukuma lori bovu mlimani, peke yangu, dereva kalala.

Kidole gumba kikacheza.

"Umeshindwa!" akapiga kelele, machozi yake yakinidondokea mguuni. Tiki tiki ya simu ikakatika.

Mashine haikuzimwa. Mpira ulipokuja kutolewa, nikiwa napumua mwenyewe, kaka aliingia na machungwa na sura mpya. "Mimi sikukata tamaa hata kidogo," akatangaza, wodi nzima isikie. Nilimtazama tu. Koo lilikuwa na vidonda, lakini dharau haihitaji sauti.

Akahutubia, akahutubia, mpaka maneno yakamwishia. Akakaa kwenye kiti, machungwa mapajani. Kisha akamgeukia mdogo wetu, aliyekaa miguuni pangu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kikaoni.

"Nikilazwa mimi," akasema, "usiwasikilize watu wazima. Njoo unitekenye."