Ukosi wa Mlinzi wa Theluji

Wewe umewahi kuishukuru penseli? Si kwa utani. Kuishukuru hasa, kwa kuinamisha kichwa, kama unavyomshukuru mtu aliyekubebea mzigo mpaka mlangoni?

Tamie Orikasa alikuwa akifanya hivyo asubuhi ile ya Jumatatu, tarehe nane Februari, kwenye meza yake karibu na dirisha. Mbele yake palikuwa na kisahani, na juu ya kisahani kipande cha tofu, ile jibini ya soya, cheupe, laini, kinachotetemeka kila mtu alipopita. Alitoa vipande vya penseli kwenye kopo la majani ya chai, kimoja kimoja, vifupi kuliko kidole gumba, akavichomeka humo taratibu. Mama yake, mshona mavazi ya kimono wa mji wa Yokote, alifanya hivyo kwa sindano zilizovunjika, kila mwaka tarehe hiyohiyo. Alisema zimetoboa vitambaa vigumu siku zote, basi mwisho wake zipumzike mahali laini. Tamie hakurithi sindano. Lakini penseli nazo zilikuwa zimefanya kazi.

"Mama Tamie, hiyo supu inaiva saa ngapi?" aliuliza Nagisa, msichana anayegawa karatasi za michoro mle ofisini. Kila mwaka aliuliza vilevile.

"Siku utakapojua kuchonga penseli yako," Tamie akamjibu bila kugeuka, na wote wakacheka, kwa sababu penseli za Nagisa zilijulikana kwa ubutu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la baiskeli, mtaa wa Nerima, Tokyo, na humo walitengeneza katuni. Mchoraji mkuu huchora mwanzo wa mwendo na mwisho wake: mkono uko chini, mkono uko juu. Wengine huchora michoro ya kati, mkono ukipanda kidogokidogo. Tamie alikuwa mkaguzi. Alibana karatasi katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, akazipeperusha, na kosa lilimrukia machoni kama kijiwe kwenye mchele. Unyusi uliohama. Kifungo kilichosahauliwa. Miaka arobaini na miwili alifanya kazi hiyo.

Sicho alichokuja kutafuta. Alipokuwa na miaka kumi na minane, baba yake alimpeleka kuona sinema moja ya ng'ambo, ya vyombo vya angani na mashujaa wenye panga. Baba alilala mpaka taa zikawaka. Yeye alitoka akizichora zile panga hewani kwa kidole, na mwaka uliofuata akapanda treni kwenda Tokyo awe mchoraji mkuu. Mwaka wa nne, mkaguzi wa ofisi akajifungua mtoto, wakamwomba Tamie amshikie nafasi kwa msimu mmoja. Msimu ule haukwisha. Hakununa. Walimpa kiti cha dirishani na jiko la mafuta miguuni, na alijua wangapi wa rika lake waliacha kazi wakiwa na njaa. Alishukuru. Neno moja tu alilimeza, likakaa huko chini miaka yote.

Sasa alikuwa amebakiza wiki saba astaafu, na mwaka uliotangulia wenye ile hadithi ya angani waliwaita watengeneza katuni kadhaa, wakamwambia kila mmoja: isimulieni upya mnavyotaka nyinyi, sinema fupi fupi. Moja ikaiangukia ofisi yao, juu ya duka la baiskeli. Tamie aliposikia, alikwenda msalani akanawa uso mara mbili.

Mwongozaji wa sinema yao alikuwa Shunpei Kumagai, kijana aliyefundishwa na Tamie mwenyewe kupeperusha karatasi. Zamani alimwita Shunpei. Siku hizi, mbele ya watu, alimwita Mwongozaji. Kijana alitunga kisa cha bibi mmoja, mlinzi wa taa katika sayari ya theluji, aliyevaa kimono na upanga kiunoni. Bibi anapigana, anashinda, anaagana na wanakijiji kwa kuinama, kisha anaondoka kwenda kuwasha taa ya mlima mwingine.

Saa nne asubuhi ile walikusanyika kuitazama ikiwa imekaribia kukamilika. Ilipokwisha watu walipiga makofi. Tamie hakupiga.

"Mwongozaji," alisema, "huyu bibi amekufa?"

"Hajafa, Mama. Ndiyo maana yake yote. Anaendelea na safari."

"Basi mbona umemvisha kama maiti?"

Kumagai akakirudisha kipande cha mia na kumi na nane, cha bibi anapoaga. Kimono ya mtu hai, upande wake wa kushoto hulala juu ya ule wa kulia. Ni maiti tu anayefungwa kinyume. Na pale, mbele ya macho yao wote, bibi aliinama mara mbili, ameshafungwa kwa ajili ya jeneza.

Jinsi ilivyotokea ilikuwa rahisi. Kuokoa muda, walichukua michoro ya mwanzoni, bibi anapowasili na kuinama, wakaigeuza kwa kompyuta kama kwenye kioo, ili atokee upande wa pili. Upanga nao uligeuka, ukahamia kiuno cha kulia. Huo waliuona haraka, wakaufuta na kuurudisha mahali pake.

"Upanga mliuona," Tamie alisema. "Nguo ya mwanamke, macho ishirini humu ndani, hakuna aliyeiona."

Kumagai alijaribu kujitetea. Wenye hadithi walishakubali, huko kwao hawajui habari za ukosi wa kimono, na sinema ilitakiwa Ijumaa. Tamie alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama nyanya yake hataitazama. Nyanya yake kule Kochi alikuwa amewaambia majirani zake wote.

Kubandika ukosi mpya juu ya michoro hiyo hakungefaa. Bibi anapoinama vazi linafunguka, linajifunga, mikunjo inakimbia mpaka mikononi. Ilibidi kuchora upya. Kumagai akawataja wachoraji wakuu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa tayari kwenye kazi nyingine. Majina yakamwishia. Akamtazama yule mwanamke mwenye kopo la chai.

"Mama, utanisaidia?"

"Ndiyo," Tamie akasema, kama mtu aliyeombwa kuongeza maji kwenye birika.

Alichonga penseli mpya. Michoro mikuu kumi na mitano. Ya kwanza aliifuta mara sita, kwa kuwa bibi aliinama vizuri mno, kama mtu kwenye picha ya kalenda. Ndipo alipomkumbuka mama yake akiwaaga wateja mlangoni: jinsi alivyotangulia kuushika ukosi kwa vidole viwili, usifunguke, kisha ndipo akashuka, na jinsi alivyochelewa kidogo kuinuka, kana kwamba shukrani zilikuwa bado hazijaisha kumtoka. Akachora vile vidole viwili. Akachora ule ukawiaji. Jumatano adhuhuri alimaliza, na wengine wakaipokea wachore ya kati.

Nani angemkagua mkaguzi? Kumagai alizichukua karatasi mwenyewe, akazibana kwenye vidole vya mkono wa kushoto alivyofundishwa, akazipeperusha. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu hakuwa anakagua tena. Aliziweka mezani akainama kwa Tamie, naye akachelewa kuinuka.

Alhamisi mchana Kumagai alikuja na orodha ya majina yatakayopita mwisho wa sinema. Ndiyo desturi yao. Kila mtu husoma jina lake, kwa maana herufi moja ikikosewa ni aibu ya ofisi nzima. Orodha ilipigwa chapa mwezi uliopita. Tamie alilikuta jina lake palepale linapokaa siku zote, chini, kwenye ukaguzi, limeandikwa sawasawa.

"Kuna la kurekebisha, Mama?"

Miaka arobaini na miwili alikuwa akijibu, "Hakuna, asanteni." Nagisa aliyesimama nyuma alikwisha kunyoosha mkono aipokee karatasi. Tamie hakuitoa. Alitazama dirishani, kule chini mtu alikuwa akijaza upepo gurudumu la baiskeli, pampu ikipumua juu na chini. Penseli ya wiki ile ilikuwa imebaki fupi kama zile za kwenye tofu. Akaichukua, akampa Kumagai kwa mikono miwili.

"Lipo," alisema. "Hapa chini pameniweka vizuri, nashukuru, usipafute. Ila kipande cha mia na kumi na nane nimekichora mimi, Shunpei. Niandike na juu, kwa wachoraji wakuu. Nimelitaka hilo tangu nilipotoka kwenye ile sinema na baba yangu."