Magoti ya Bibi Fira

Nilitaka vitu viwili tu, basi. Mwanangu Lukyan azikwe na watu wake wote, na katika watu hao Bibi Fira asikosekane. Ndivyo nilivyomwambia padri, ndivyo nilivyomwambia Mungu, ingawa huyo siku hizi hanijibu.

Bibi Fira ndiye aliyemlea. Mimi nilikuwa Napoli nikiwaogesha vikongwe wa Kitaliano, kama nusu ya wanawake wa mji wetu, na mume wangu pombe ilishammaliza. Huyu bibi wa nyumba ya kona, Myahudi wa mwisho wa mtaa wetu, hana mtoto hana mjukuu, aliniambia, "Niachie kijana, Raisa. Nyumba yangu imenyamaza mno." Akamlisha, akamvuta masikio, akamfundisha kucheza chesi na kutukana kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa kwetu. Nikipiga simu kutoka Italia, Lukyan akisema "nyumbani" alikuwa anamaanisha kwa Bibi Fira. Iliniuma, lakini nilishukuru.

Vita vikubwa na Moscow vilipoanza alikuwa mjini Vinnytsia pamoja na wale rafiki zake wa mpira, wale wa kunyoa vichwa na kuvunjana pua nje ya uwanja. Wote wakajiunga na kikosi kimoja cha kujitolea kabla ofisi ya jeshi haijapata hata nafasi ya kuwaandikisha. Nilijivunia. Nasema wazi, nilijivunia mpaka nikavimba kichwa.

Halafu akaja likizo. Aliingia jikoni kwa Bibi Fira na magwanda yake, akakaa, na mimi nikaona begani kwake beji ya kitambaa: jua jeusi, miale yake imekunjwakunjwa. Hilo jua ni la watu wa Hitler, maofisa wao walilitandaza sakafuni kwenye kasri yao. Kijana yeyote wa kikosi akikwambia hajui limetoka wapi, mwambie muongo mkubwa wewe.

Bibi Fira naye aliliona. Akaendelea kumpakulia varenyky, vile vidonge vya unga vya kuchemsha vyenye cheri ndani.

"Lukyan, hicho begani ni nini?"

"Jua, bibi. Jua la mababu zetu wa kale."

"Mababu zako nimewajua mimi. Walikuwa wanalima viazi. Jua lao lilikuwa la njano."

Akacheka, yule mtoto, na masikio yakawa mekundu. Mimi sikucheka. Nilimvuta hadi uani, nikamwambia, "Unajua mama yake huyu bibi alifia wapi? Ng'ambo ya mto huu huu, kwenye shimo walilopigiwa risasi Wayahudi, na huyu, mtoto mchanga, akavushwa juu ya barafu ndani ya gunia. Na wewe unakaa mezani kwake na huo uchafu?"

"Mama, wewe hujui kitu. Wanavaa wote. Ni kuwatia hofu adui."

"Basi watie hofu huko huko!"

Zile beji hazishonwi, hubandikwa, na ukizivuta zinalia chraaa. Akaivuta, akaitia mfukoni. Tangu siku ile kila akija alisimama kwanza langoni kwa Bibi Fira, chraaa, mfukoni, ndipo anaingia. Nikasema moyoni, haya, anaona aibu. Mtu mwenye aibu bado ni mtu.

Lakini sikuweza kunyamaza. Siku moja tukiwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, pale tunaposuka nyavu za kufichia mizinga, nililitoa lile jambo mbele ya wenzangu. Wavu umetundikwa kwenye fremu ya mbao, sisi tumejipanga pande mbili, tunapitisha vitambaa kwenye matundu. Bibi Fira kakaa kwenye kiti chake mwishoni, anakata shuka kuukuu kuwa vipande vyembamba. Mbele yangu yuko Nelya, karani wa posta, ulimi wake hauna breki.

"Usiliseme hilo hapa, Raisa," Nelya akanijia juu. "Unajua nani atafurahi? Moscow. Wanatuita Wanazi kila siku kabla hawajala mchana, kisha wanaturushia makombora."

"Kwa hiyo kwa sababu adui ni muongo, mimi nifumbe macho nisione kilicho begani kwa mwanangu?"

"Kitambaa, shoga yangu! Wengine wanavaa mafuvu. Wa kwangu ana beji ya nguruwe kabeba bunduki. Sasa niseme nimezaa nguruwe?"

"Ukiona chumba chake, karibu utasema ndiyo," mwingine akadakia, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Nguruwe hajamuua mama wa mtu shimoni," nikasema. Kicheko kikakatika.

Nelya akaweka kitambaa chini. "Sikiliza. Hao hao unaowasimanga ndio walioshika daraja adui asivuke, wakati waume za watu walikuwa wanatafuta njia ya kwenda Poland. Ukiwa unazama, utamuuliza anayekuvuta alimpigia nani kura?"

"Nitamuuliza nikishafika ufukweni."

"Ukifika."

"Na vita vikiisha, Nelya? Watazibandua? Au watatugeukia sisi, kwamba huyu si wa kwetu, yule damu yake si safi?"

"Vikiisha! Jisikilize. Wewe unaona vinaisha?"

Ndipo Bibi Fira aliposema, mkasi ukiwa bado unakata.

"Wale wa Moscow wanasema wamekuja kuniokoa na Wanazi. Kombora lao likavunja dirisha langu. Lukyan akaja akaniwekea kioo kipya. Beji ilikuwa mfukoni, imechungulia kidogo. Sasa nyinyi mnaojua siasa, nimshukuru nani?" Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi sijui. Nimezeeka hivi na sijui. Nelya, nipe ile shuka ya kahawia."

Nilikasirika. Nilitaka aseme upande wangu, aseme kwa sauti, maana yeye ndiye mwenye haki. Nilipomsindikiza nyumbani nikamwambia hivyo. Akanijibu, "Nikisema, Raisa, hatakuja tena kula. Nina yeye tu."

Lukyan aliuawa mwezi Machi, shambani, karibu na mji ambao umebaki jina tu. Huko miili hailetwi. Akina mama wangapi wa mtaa wetu wamebaki wanatazama simu tu, hawana hata mfupa wa kuzika. Wangu aliletwa. Kamanda wake, kijana anayeitwa Borsuk, hilo jina la vita, jina lake la kubatizwa sikulijua, alitambaa kwenye matope na mwenzake mmoja, droni zinawazungukia, wakamburuta mwanangu juu ya kipande cha turubai. Yule mwenzake alikatwa mguu. Borsuk aliungua mkono wa kulia kuanzia kidoleni hadi begani.

Alikuja kwangu siku moja kabla ya maziko. Mpole, mnene kidogo, bandeji inatokeza chini ya mkono wa koti. Na juu ya bandeji, begani, lile jua. Nilimwekea borshi, supu yetu ya viazisukari. Alikula kwa mkono wa kushoto kama mtoto, huku inamwagika, na mimi nikawa natamani kumlisha na natamani kumfukuza.

"Mama," akasema, "vijana wana ombi moja. Bendera ya kikosi ilale juu ya jeneza."

"Ina hilo dude?"

"Ina alama yetu."

"Hapana."

"Mama, yeye mwenyewe aliapa chini yake."

"Alikuwa anaibandua! Kila akifika kwa Bibi Fira anaibandua, mtaa mzima umeona!"

Borsuk akaweka kijiko chini taratibu. "Ndiyo. Na akitoka, kwenye kona ya duka la mikate, alikuwa anaibandika tena. Nilikuwa namsubiri kwenye gari. Niliona."

Jamani. Nimepigwa na mengi, lakini lile lilinikuta sina hata pa kushika. Nilikaa nikitazama mkate.

"Aliamini?" nikamuuliza. "Niambie ukweli. Mambo ya damu safi na hayo mengine, aliamini?"

"Wengine wetu wanaamini. Mimi zamani niliamini sana, sasa nimechoka. Yeye, sijui. Alikuwa anatuchekesha. Alikuwa anatutukana kwa lugha fulani ya ajabu, hatukuielewa."

Kiyidi. Pale mbele ya lile jua lao, mwanangu alikuwa anawatukana kwa Kiyidi cha Bibi Fira, na wao wanacheka. Niambie basi huyo alikuwa nani? Mimi niliyemzaa sijui, na sasa sina wa kumuuliza.

Tukapatana, mimi na Borsuk. Juu ya jeneza italala bendera ya nchi peke yake, buluu na njano. Ya kikosi itasubiri makaburini, itiwe kaburini pamoja naye. Bibi Fira hawezi kupanda ule mlima wa makaburini, kwa hiyo hataiona. Borsuk akanipa mkono wa kushoto. "Nimeahidi, mama."

Nikaenda kwa Bibi Fira. Nilimkuta kakaa gizani ndani mchana kweupe, mapazia yamefungwa, chesi mezani.

"Kesho tutasimama langoni kwako," nikamwambia. "Utatoka?"

"Na lile jua?"

"Halitakuwepo. Nimekula nao yamini. Ni bendera ya nchi tu."

Akasogeza kete moja ya chesi, akairudisha. "Basi nitatoka," akasema. "Nitamtolea stuli zangu za jikoni. Hizo hizo alizokalia." Maana kwetu jeneza likisimama mbele ya nyumba hulazwa juu ya stuli mbili, na nyumba ndiyo hutoa stuli zake.

Nilimkumbatia. Nikarudi nyumbani na, Mungu anisamehe, kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya kunipa habari ya kifo, nikala.

Siku ya maziko mtaa wote ulikuwa umejaa pande mbili. Kwetu mwanajeshi akipita, watu hupiga magoti, mzee kwa mtoto, hata kwenye matope. Nelya alikuwa amepiga magoti na koti lake jipya. Gari lilituacha kwenye kona ya duka la mikate, na kutoka pale vijana sita wa kikosi wakalibeba jeneza mabegani. Bendera ya nchi peke yake, kama tulivyopatana. Nikamtazama Borsuk, akaitikia kwa kichwa. Alibeba mbele, kwa bega zima.

Bibi Fira alikuwa langoni. Kavaa gauni lake jeusi la harusi za watu, nywele kachana. Stuli mbili zimepangwa, zimefutwa. Tulipokaribia akashika nguzo ya lango, akajishusha, goti moja, halafu la pili, mpaka akawa chini kabisa.

Vijana wakafika, wakaanza kulishusha jeneza. Ndipo nilipoona. Tulizungumza bendera, mimi na Borsuk, tukabishana, tukapatana, tukapeana mikono, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria mabega! Walikuwa wamevaa magwanda yao mapya kwa heshima ya mwanangu, na beji wamezisafisha. Walipoinama kuweka jeneza kwenye stuli, mabega yao yalishuka sawasawa na uso wa Bibi Fira. Jua, jua, jua. Lile la karibu lilikuwa kiasi cha kiganja kutoka machoni pake.

Hakupiga kelele. Hakugeuza hata shingo. Alilitazama, kisha akalitazama jeneza, kisha akainamisha kichwa, na mtaa mzima ukaona Fira, mtoto wa kwenye gunia, kapiga magoti mbele ya hilo dude. Kwa sababu mimi nilimwita. Kwa sababu nilimwambia halitakuwepo.

Padri alimaliza sala. Watu wakainuka. Bibi Fira hakuinuka. Miguu ilikataa. Borsuk ndiye aliyekuwa karibu, akainama haraka, "Shika hapa, bibi, nishike mimi," akamtolea mkono wa kulia, ule ulioungua. Na bibi akashika. Vidole vyake vilimshika begani, juu ya jua lenyewe, hakuwa na pengine pa kushika. Borsuk alikunja uso kwa maumivu. Akamsimamisha.

"Lukyan alikuwa anaibandua hapa," Bibi Fira akamwambia, kwa upole. "Hapa hapa langoni."

"Najua, bibi," akasema Borsuk.

Watu wote walisikia, Nelya alisikia, padri alisikia. Nikamwambia moyoni, ibandue, mwanangu, ibandue, ni kuvuta tu. Mkono wake wa kushoto ulipanda hadi kifuani. Akawatazama wale vijana watano. Wakamtazama. Mkono ukashuka.

Sikuvumilia. Nilimvaa. Nilitia kucha pembeni mwa ile beji nikaanza kuivuta, ikalia chraa, na chini ya vidole vyangu nikaisikia bandeji, imelowa, na nyama yake ikatetemeka. Hakujitoa. Alisimama tu, machozi yanamtoka, ananisubiri nimalize.

Huyu ndiye aliyetambaa. Asingetambaa, ningekuwa nabusu nini leo?

Nikaachia. Beji ilibaki imening'inia nusu. Nikaikandamiza kwa kiganja changu mwenyewe, polepole nisimuumize, mpaka ikashika tena.

Nilipogeuka, Bibi Fira alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Vijana wakalibeba jeneza wakaanza kupanda mlima. Yeye akachukua stuli moja, akaiingiza ndani, akarudi akachukua ya pili, na akafunga lango. Nikasikia komeo. Miaka yote ile sijawahi kulisikia lile komeo.