Pua ya Fundi

Mdalasini, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, hakuwa mtu wa kuomba msaada hata awe anazama. Ndiyo maana homa ilipompitia na kuondoka na pua yake, alikaa kimya. Alinusa kahawa, hamna kitu. Akanusa kitunguu, akanusa siki, akaishia kunusa soksi za mumewe, na zile si soksi za kukosa harufu. Hamna kitu. Akajipa moyo kwamba itarudi. Haikurudi.

Kwa mwingine ingekuwa hasara ndogo. Kwake ulikuwa msiba, maana alikuwa mtengeneza sabuni, na sabuni zake zilisifika kwa jambo moja: kilichozipa rangi na harufu kilitoka jikoni. Manjano yalizipa rangi ya kiini cha yai, karoti zilizochemshwa na kupondwa zikazipa rangi ya chungwa, kahawa ya unga ikazitia hudhurungi. Wanaoanza kazi hii hukimbilia maji ya bitiruti wakidhani watapata sabuni ya rangi ya waridi, lakini soda kali, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inayageuza yanakuwa kama matope, nao wanabaki wameduwaa. Mdalasini aliwacheka sana watu hao. Harufu zake alizipata kwa kuloweka mdalasini, karafuu na maganda ya machungwa kwenye mafuta ya nazi, wiki baada ya wiki, kabla hajayachanganya na maji ya soda hiyo. Rangi bado aliiona kwa macho. Harufu ndiyo iliyotaka pua.

Aliyeambiwa siri hiyo ni mumewe peke yake, fundi cherehani aliyeshonea nguo chumba cha mbele. Fundi alikuwa mpole, tena mpole wa kukera. Mteja akijaribu suruali inayombana mpaka anahema, Fundi atamwambia imemkaa kama kazaliwa nayo. Hajawahi kugombana na mtu, na jambo hilo alijivunia. Mdalasini akamwambia kwamba kuanzia siku hiyo pua yake ndiyo pua ya nyumba. Akiletewa kitu anuse, aseme kilivyo, hata kama kinauma. Fundi akaitikia, pini zikiwa bado mdomoni.

Ndipo ikaja bahati. Mwenye nyumba ya wageni ya barabara kuu, mama mmoja asiye na maneno mengi, alisema akipendezwa na boksi la kwanza, sabuni za vyumba vyote zitatoka kwa Mdalasini. Jamani, furaha aliyokuwa nayo! Akaloweka maganda siku hiyo hiyo. Lakini mvua ilikuwa imeng'ang'ania, na maganda hayakuwa yamekauka sawasawa. Yakatoa maji, yakaanza kuoza humo humo kwenye mafuta. Zamani angeyagundua akiwa bado mlangoni. Sasa aliona tu maganda yenye rangi nzuri, akambebea Fundi chupa.

Fundi aliinamisha pua, akaitoa haraka, akageukia cherehani yake.

"Yananukia," alisema.

"Vizuri?"

"Vizuri sana, mke wangu. Umepatia."

Na mtu asije akaniambia kwamba hakujua. Alijua vizuri sana, mpaka macho yalimtoka machozi. Alifikiri mkewe amekaa na huzuni muda mrefu, na huenda uvundo ungeisha sabuni zikikauka. Yaani aliona bora kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa kuliko kumwona amenuna jioni moja. Watu wanaita huo upendo. Mimi naita uvivu.

Basi sabuni zikapikwa, zikakatwa, zikapangwa kwenye rafu zikauke. Kila mara Fundi alipoulizwa, alisifia. Kwa rangi, kweli, Mdalasini hakuwahi kutoa nyingine kama zile. Siku ya siku Mdalasini akavaa nguo yake ya kutokea, akalibeba boksi hadi nyumba ya wageni.

Mwenye nyumba alifunua, akageuza uso. Alichukua mche mmoja kwa ncha za vidole, akaurudisha.

"Mama," aliuliza taratibu, "hizi umezinusa kweli?"

Mwenye nyumba alisema hawezi kuweka bafuni kwa mgeni kitu kinachonuka mafuta yaliyooza, na kwamba itabidi atafute mtu mwingine. Hakumtukana, na hilo ndilo lililouma zaidi. Njiani Mdalasini alikumbuka majirani waliokuwa wakimsalimia kwa mbali siku hizo, akaona aibu.

Nyumbani Fundi alisikia yote, toka sabuni ya kwanza hadi ya mwisho. Alijitetea kwamba hakutaka kumvunja moyo.

"Ningekwambiaje, na hali uliyokuwa nayo?"

"Ungesema yananuka. Neno moja tu, Fundi. Ningeyamwaga nikaanza upya."

Fundi alilia, akala kiapo kwamba hatamficha tena kitu, kikubwa wala kidogo. Mdalasini alitamani sana kumwamini, maana alikuwa amebakiwa na chupa moja ya mafuta ya karafuu, na mwenye saluni mmoja wa pale mtaani alikuwa ameulizia sabuni. Bila pua ya kuaminika ndani ya nyumba, kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo jioni ile aliinjika maharage, akasimama mbele ya sufuria akaiangalia. Maji yalikauka. Moshi ukapanda, chini kukawa kweusi, naye hakugusa moto. Kisha akapakua, pamoja na ule weusi, akamwekea mumewe.

Fundi alitia kijiko mdomoni. Alitafuna polepole, akameza.

"Vipi?" Mdalasini aliuliza.

"Matamu," Fundi alisema. "Leo umejua kuyapika."

Mdalasini alimtazama. Fundi, kwa kuona anatazamwa, aliimaliza sahani, akaisogeza mbele, akaomba aongezewe.

Akamwongezea. Kisha akachukua ile chupa ya mafuta ya karafuu, ambayo huenda yalikuwa mazima na huenda yalikuwa yameoza, akatoka nayo nje, akaimwaga yote mtaroni.