Vioo vya Baba Chemutai

Mume wangu alipoleta milango ya kioo juu ya lori la mahindi, nilimwuliza swali moja tu: nitajikunia wapi? Alinitazama kama mtu aliyeoa kwa bahati mbaya. "Mama Chemutai," akasema, "hii ni maendeleo." Mwaka ule wa 1959 neno hilo lilikuwa limetuharibia wanaume wengi, lakini wangu lilimharibu kuliko wote.

Zedekia Kimutai alikuwa na kinu cha kusaga mahindi ng'ambo ya mto Rongai, upande wa rizavu, ambako Mwafrika aliruhusiwa kujenga apendavyo mradi asijenge karibu na mzungu. Vioo alivinunua mnadani, Njoro, setla mmoja wa Kizungu alipobomoa nyumba yake arudi kwao. Ilikuwa milango miwili mirefu kuliko mtu, imepinda kama ubavu wa mtungi, pamoja na ukingo wa veranda, nao wa kioo, nao umepinda vilevile. Fundi Waithaka kutoka Nakuru alivizunguka, akavigonga kwa ukucha, akavua kofia.

"Mzee, kioo hainyooshwi. Kama imepinda, ukuta nayo itapinda."

"Pinda nayo," Zedekia akasema.

Waithaka akapinda nayo. Sebule ikazunguka kufuata milango, veranda ikazunguka kufuata sebule, na paa likazunguka kufuata vyote viwili. Mama mkwe wangu alipokuja kuona nyumba ya kisasa ya mwanawe, aliizunguka mara moja, akasema, "Nzuri. Ni mviringo kama ya babu yako, ila yeye alijua kuweka ukuta."

Sasa nikuambie maisha ya kukaa ndani ya kioo. Nyumba iliitazama barabara, na barabara ikaitazama nyumba. Wanawake waliokwenda kinuni walisimama kwenye ukingo wetu kufunga vilemba, maana walijiona. Beberu la jirani nalo lilijiona, likadhani ni adui, likaupiga ukingo vichwa asubuhi nzima mpaka likaondoka likiyumba. Mchungaji Naftaly, mgeni wetu wa kwanza, alikuja kwa tabasamu na mikono wazi, akafika kwa pua. Angekuwa amefumba macho anaomba, ningesema ni mapenzi ya Mungu, lakini alikuwa ameyafumbua yote mawili.

Hayo yalinichekesha. Lililoniuma ni kwamba sikuweza kuketi. Kwetu mwanamke akionekana ameketi mchana, Jumapili kanisa zima linamwombea. Na ugomvi je? Mimi na Zedekia tulikuwa tumegombana miaka mingi kwa raha zetu, na kupatana kwa raha zaidi. Ndani ya kioo tulilazimika kugombana tukitabasamu. "Wewe ni punda," nilimwambia nikimmiminia chai, meno yote nje. "Na wewe ni nyoka," akajibu, akipokea kikombe kwa mikono miwili. Wapita njia walisema ndoa yetu imebarikiwa.

Kilichoniokoa ni jiko. Lilikuwa nyuma ya nyumba, la udongo na nyasi, nami ndiye niliyelikandika nilipoolewa. Humo nilijikuna, nilinyoosha miguu, nilisema nilivyotaka juu ya yeyote. Humo ndimo nilimlilia mtoto wetu aliyefariki kabla ya Chemutai kuzaliwa. Sikuwa na mahali pengine duniani ambapo hakuna aliyekuwa ananitazama.

Zedekia alitaka kulibomoa. Nyumba ikiwa ya kioo, mtu aliye barabarani huona mpaka nyuma, na nyuma aliona jiko langu na mbuzi wawili wamelala mlangoni. Basi ikafika habari kwamba Bwana DO, yule mzungu wa serikali, amesikia juu ya nyumba na atakuja kuiona.

"Jiko litoke kabla hajafika," Zedekia akasema.

"Na atakula nini, vioo?"

Hapo alifikiri. Uamuzi wake ulikuwa huu: nipike humo, na chakula kikishatoka, yeye atoe ishara, wanaume wawili wa kinuni waangushe jiko polepole kutoka nyuma, ili Bwana DO akitembezwa uani baada ya kula akute uwanja safi. Nilingoja acheke. Hakucheka. Siku hiyo sikumwita punda. Nilimsihi, na sikuwa na mazoea ya kumsihi. Nilimwambia anitolee chochote kingine, hata kitanda.

"Bwana DO ataniona mtu wa namna gani?" akasema, na shauri likaisha.

Siku ikafika. Bwana DO aliingia, wazee wa kanisa wakafuata, na Mchungaji Naftaly akaja mwisho akipapasa hewa kwa mkono. Nje watu walijaa ukingoni, wengine wameweka paji la uso kwenye kioo kabisa. Nilitoa kuku, nikatoa wali, nikatoa chapati. Kila niliporudi jikoni niliwakuta wale wanaume wawili wamekaa chini nje ya mlango na mitaimbo yao, wanakula chakula changu kwa aibu kubwa na hamu kubwa zaidi. Nilibakiza birika la chai tu. Nililichelewesha sana lile birika, maana likitoka, jiko limekwisha.

Nilikuwa namimina chai Bwana DO aliponyoosha mkono akagusa mlango. Uso ukamng'aa.

"Kimutai! Hii mlango mimi najua! Hii ya Njoro. Memsahib, bibi ya ile setla, alikuwa naweka maua ndani yake. Hii nyumba ya maua!" Akapiga paja. "Sasa wewe na bibi yako nalala ndani, kama maua!"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, hilo lazima niseme. Alicheka kama mtu aliyeshiba. Wazee hawakujua kama jambo linachekesha, ila mzungu alikuwa anacheka, basi wakacheka. Mchungaji akacheka, pua na yote. Na watu wa nje, ambao hawakusikia neno lakini waliona vinywa vimefunguka, wakacheka kuwashinda wote.

Zedekia naye akacheka. Angefanya nini, na alikuwa ndani ya kioo? Lakini mimi nilikuwa karibu naye, nikaona anakunywa kikombe nilichokuwa bado sijakijaza. Alicheka mpaka Bwana DO akapanda Landrova bila kutembezwa uani. Alipunga mkono mpaka vumbi likatulia. Watu hawakuondoka. Walibaki ukingoni, wanangoja kitakachofuata.

Zedekia aliingia chumbani, ambako fundi alikuwa ameweka kioo kilichobaki, na nyuma ya kioo hicho walisimama wanawake watatu. Akatoka. Akaizunguka sebule yake yote, na sebule ya mviringo haina pembe. Nilijaribu kufurahia yaliyompata. Nilikuwa na haki. Nilishindwa, nikamwonea huruma, nikakimbilia jikoni kwa hasira.

Akaja nyuma yangu. Wale wanaume wakasimama na mitaimbo. Nikaziba mlango kwa mwili wangu na mwiko.

"Nipishe," akasema.

Akainama, akaingia, akaketi juu ya kigoda changu, magoti yamefika masikioni. Tangu tuoane hakuwa ameketi humo.

"Wageni walishiba?" akauliza.

"Walishiba."

Basi uso wake ukaanza kuvunjika. Mmoja wa wale wanaume akachungulia mlangoni. "Mzee, tuanze?" Zedekia akageuzia uso ukutani. Nyuma ya yule mtu niliona vilemba vinasogea, watu wameshaizunguka nyumba.

Nikavuta gogo bichi la mgunga, nikalisukuma motoni, nikapuliza. Moshi ukapanda, ukamfukuza yule mtu mlangoni akikohoa, ukajaa mpaka sikuweza kumwona mume wangu. Nikamsikia tu akilia, kwa sauti, kama alivyokuwa hajalia hata siku tulipomzika mtoto wetu.

"Moshi huu!" alikuwa akisema. "Moshi huu, Mama Chemutai!"

"Pole, kuni ni mbichi," nilisema kwa sauti ya kufika nje, nikaongeza gogo jingine.