Turubai la Alder Gap

Jumamosi moja ya Novemba 1997, saa nane mchana, Gervas alisukuma kochi mpaka ukuta wa jikoni na kuwasha taa mbili alizouziwa na mtu wa Beltsville aliyekuwa anafunga studio. Wateja watatu waliokuja kupigwa picha walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nje. Walivaa makoti mapya yenye lebo zilizofichwa ndani ya mikono, ili Jumatatu yarudishwe dukani. Sebuleni, mahali ambapo kwa wengine hukaa televisheni, lilining'inia turubai lililofunika ukuta mzima, na juu yake picha ya mji mdogo wa Montana: barabara moja, kanisa la mbao, mkahawa, duka la misumari na milima yenye theluji. Maandishi ya juu yalimwalika kila mtu atembelee miji midogo yenye ukarimu. Penye kuingilia mji palisimama kibao: Alder Gap, wakazi 611.

Gervas alilipata turubai hilo kazini. Alikuwa fundi wa kubomoa vibanda kwenye ukumbi wa maonyesho huko Washington, na maonyesho ya utalii yalipokwisha, wenye banda la Montana walimwambia alichukue kuliko walitupe. Alilileta nyumbani kwake Laurel, mji wa jirani, kwa treni, limeviringishwa begani, na abiria wakampisha.

Haja ya turubai ilikuwa wazi. Watu wetu wa Laurel, Beltsville na Greenbelt, Watanzania kwa Wakenya, wengi wao walikuwa wanalea wazee wa watu. Walifanya zamu mbili kwa siku, na Jumapili walipofanya moja waliiita mapumziko. Mama zao waliuliza katika kila barua: mwanangu, unapumzika lini? Swali hilo halina jibu la kumpa mama. Basi walikuja kwa Gervas, wakasimama mbele ya milima, wakacheka, na nyuma ya picha wakaandika kwamba wako likizoni na wenyeji ni wakarimu. Mama akawaonyesha majirani, akalala vizuri.

Mwishoni mwa mwezi turubai lilianza kutoa baridi na harufu ya kahawa. Theluji iliyoyeyuka ilidondoka, na Genoveva, mkewe Gervas, akatandika taulo chini ili zulia lisioze. Mlangoni pa mkahawa alisimama mama mmoja wa makamo, mweupe, nywele zimejaa mvi, amevaa aproni. Kila aliyesimama kupigwa picha, mama huyo alimkaribisha kahawa. Waliokaa Marekani miaka mingi walijua kwamba Mmarekani anaweza kukukaribisha kwake na asitaje siku, kwa hiyo walitabasamu na kutazama kamera.

Bilha hakuwa na miaka mingi. Alikuwa Mkenya wa Nyandarua, rafiki wa Genoveva, mwenye miezi kumi tu nchini, na alimlea bibi mmoja wa Greenbelt aliyepooza upande mmoja. Alifika kupiga picha akitoka kwenye zamu ya saa kumi na sita, macho mekundu.

"Shem, huyo shosho wa aproni ananiita," alimwambia Gervas.

"Anaita kila mtu. Tazama hapa."

"Lakini ameshika kikombe tayari. Si vizuri mtu akupikie halafu umnyamazie. Wacha nionje tu, nirudi."

Akafuta viatu kwenye taulo, akaingia. Gervas alibonyeza kamera akiwa amechelewa kidogo. Picha iliporudi kutoka duka la kusafishia filamu, ilikuwa nzuri. Bilha yuko katikati ya barabara, mgongo kwa mpigaji, anapokewa mkono.

Walimsubiri mpaka chai ikapoa. Kibao kikasoma wakazi 612. Gervas aliweka kiganja kwenye turubai akahisi turubai tu, kwani asiyeitwa alikuwa hapati pa kupitia. Siku mbili za kwanza Bilha alionekana dirishani mwa mkahawa akila mkate wa siagi, na Genoveva akasema afadhali, angalau anakula ameketi. Wahenga wa kwetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu Bilha alitoka na beleshi, akaanza kuondoa theluji barabarani. Genoveva alimwita kwa jina. Bilha akainua uso, akapunga mkono, yule mama wa aproni akamwambia jambo, naye akainama tena.

"Tuwaambie polisi," Gervas alisema.

"Utawaambia nini? Kwamba yuko Montana? Watakuambia ni nchi huru. Halafu wataomba karatasi zake, wakimaliza waombe zetu."

Karatasi za Gervas na Genoveva za kuishi nchini zilikwisha muda Julai. Mazungumzo yakaishia hapo.

Wakaliviringisha turubai na kulifungia kabatini. Kesho yake Genoveva hakuvumilia, akalifungua. Ndani mlikuwa na giza, na kwa mwanga wa sebuleni Bilha alionekana amesimama peke yake barabarani, ameshika beleshi kwa mikono miwili, anatazama huku na huku. Tangu siku hiyo hawakuthubutu kulikunja wala kumpa mtu, maana mtu wao alikuwamo.

Ofisi iliyowagawia Bilha na Genoveva zamu za kulea wazee ilipiga simu Jumatatu. Mratibu hakuuliza Bilha yuko wapi. Aliuliza nani atachukua Greenbelt. Genoveva alikuwa tayari na mzee wake wa kulea hapo Laurel, lakini alisema atachukua, kwa sababu bibi wa watu hawezi kuachwa alale kwenye mkojo kwa kuwa mlezi wake amekwenda kunywa kahawa. Tangu hapo alitoka alfajiri, akarudi jioni kubadili sare, akatoka tena. Alipopata nusu saa aliloweka miguu kwenye beseni mbele ya turubai na kumtazama rafiki yake.

Hapo ndipo Gervas alipoona kwamba yule mama wa aproni ameacha mlango. Mwezi wa Januari alikuwa ukingoni mwa barabara. Februari alikuwa katikati yake. Machi ilipoanza alikuwa karibu kiasi kwamba vifungo vya aproni vilihesabika, na uso wake, ambao ulikuwa uso mwema kabisa, ulikuwa umefunika kanisa. Hakutazama wateja tena. Alimtazama Genoveva, na kila Genoveva alipoingia kutoka kazini, mama huyo alimwambia karibu ndani mpenzi, umechoka.

Gervas aliogopa. Aliogopa kazini mpaka akaangusha banda la watu wa boti, na aliogopa kwenye treni. Akatundika shuka mbele ya turubai, shuka likalowa na kuanguka. Akaanza kumpokea mkewe mlangoni na kumvusha sebuleni amemfunika blanketi kichwani.

"Usimjibu," alimwambia. "Geno, nakuomba. Hata asante usiseme."

"Mtu mzima ananisalimia miezi mitatu, mimi nimenyamaza. Mama yangu akijua atasema hakunilea."

"Kataa."

"Wanasema usikatae wito, kataa neno. Wito nimeukataa mpaka naona haya." Genoveva alijitoa kwenye blanketi, akakaa sakafuni na sare yake. "Na nikuambie ukweli, Gervas. Namwona Bilha anavyofanya kazi, sijadanganyika. Lakini jua likizama wanamwambia akalale. Mimi sijalala usingizi mzima tangu Krismasi. Jana nilimlisha mzee wangu chakula chake mara mbili, akala, hakusema kitu."

"Basi acha zamu ya Greenbelt."

"Nimwachie nani?"

Gervas akaenda jikoni. Akampashia wali moto, naye akala nusu, akalala na kijiko mkononi kwa dakika ishirini.

Alhamisi iliyofuata lori lilipinduka kwenye barabara kuu, basi lililomtoa Gervas stesheni likakwama, naye akafika nyumbani amechelewa kumpokea mkewe, saa kumi na mbili kasoro kidogo, jua bado lipo. Viatu vya kazi vya Genoveva vilikuwa juu ya taulo, vimepangwa sambamba, kama mtu anavyovivua mlangoni kwa watu. Mkoba wake ulikuwa kwenye kochi. Yule mama wa aproni alikuwa amerudi mlangoni pake, mdogo kama zamani, na dirishani Genoveva alikuwa ameketi, ameshika kikombe kwa mikono yote miwili.

Gervas alikaa siku mbili mbele ya turubai bila kwenda kazini. Alimwita mkewe mpaka sauti ikakauka. Genoveva alimsikia na kumtazama kwa upendo, na mara mbili alisogea mpaka kwenye kioo, kisha akapiga miayo. Siku ya tatu alipewa beleshi. Alipewa pia buti, kwa kuwa aliingia na soksi. Gervas alilia kwa sauti, na jirani wa juu akagonga sakafu.

Kesho yake saa mbili asubuhi ofisi ya zamu ilipiga simu. Mratibu alisema watu wa kushikiza wa siku hizo wameondoka, zamu mbili hazina mtu, Greenbelt na Laurel, je, anamjua yeyote? Gervas alisema hamjui. Mratibu akamuuliza yeye mwenyewe kama ana mgongo imara. Gervas akafikiri juu ya yule bibi, ambaye tangu usiku alikuwa hajageuzwa, akasema anao.

Mwezi wa nne ilikuja barua kutoka kijijini kwa mama mkwe, kule Kamachumu. Gervas hakuwa amemwandikia lolote. Hakujua aanzie wapi.

"Mkwe wangu," barua ilisema, "nimeipata picha ya Geno akiwa kwenye theluji, asante kwa kuituma. Amenenepa kidogo, namshukuru Mungu. Yule mama mwenyeji wenu ameniandikia kwa mkono wake, kwa Kihaya kizuri kuliko cha wajukuu zangu. Anasema mji wao bado una nafasi na kwamba Adela naye anakaribishwa. Sisi si watu wa kukataa heshima. Nimemjibu kwamba tunashukuru."

Adela alikuwa mdogo wake Genoveva, mwenye miaka kumi na tisa. Gervas alisoma barua akiwa amesimama, kisha akanunua kadi ya simu kwenye kituo cha mafuta na kupiga parokiani Kamachumu, ambako ndiko kulikuwa na simu. Alijaribu mara nne. Aliyepokea alikuwa Padre Respicius.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Gervas.

"Milele na milele, amina. Gervas, mwanangu, hongereni sana."

"Padre, naomba mtu akimbie kwa mama mkwe. Amwambie Adela asiende popote, na asipokee kikombe cha mtu."

"Adela ameondoka Jumanne. Huyo mama alikuja kumchukua mwenyewe, na aproni yake, mikono yake baridi sana. Alitusubiri mpaka misa ikaisha. Tukamtafunisha punje za kahawa kama tunavyomfanyia mgeni yeyote, akatafuna bila kukunja uso. Kijiji kizima kiliwasindikiza mpaka njia panda. Watu wa huko ni wakarimu, Gervas. Ameahidi kurudi. Ameomba orodha ya vijana waliomaliza shule, na mimi nimeanza kuwaandikia barua za utambulisho."

Gervas alisema asiandike. Simu ilikuwa imekwishakatika, kadi imekwisha.

Alitafuta sarafu mifukoni, hazikutosha. Saa ya kituoni ilionyesha saa kumi na moja na robo alfajiri, na bibi wa Greenbelt alitakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili. Akavuka barabara kwenda kungoja basi.